Chema Chajiuza, Kama Mwenyewe Aweza Kungoja

Ukipanda basi kutoka Ngara kwenda Kahama utapita Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo. Kabla basi halijasimama sawasawa, madirisha yote yamekwisha jaa mikono. Huyu ana ndizi mbivu, yule karanga, mwingine mahindi ya kuchoma, mwingine maji ya chupa. Ndizi zote ni za namna moja na bei yao ni moja. Je, utanunua kwa nani? Kusema kweli, utanunua kwa yule aliyefika kwanza dirishani pako, au kwa yule mwenye sauti kubwa. Kwa sababu hiyo vijana wengi hudhani kwamba siri ya biashara ni kukimbia na kupiga kelele kuwashinda wenzao.

Lakini geuka utazame upande wa pili, yanapoegeshwa malori yaendayo Rwanda na Burundi. Abiria wa basi huenda asirudi tena mwaka huu. Dereva wa lori hurudi. Leo anapeleka mzigo Kigali, baada ya siku chache atapita tena hapo hapo akiwa na njaa ile ile. Huyo hamfuati mwenye sauti kubwa. Anashuka, anaipita migahawa minne au mitano iliyo wazi, anakwenda moja kwa moja kwa mama mmoja. Anajua kwamba kwa mama huyo maharage yameiva, maji ya kunawa yapo, na chenji yake itarudi kamili hata kama akili yake imechoka kwa safari. Wala hana haja ya kuuliza bei.

Nataka tuzungumze habari za mama huyo wa mgahawa. Sizungumzi na wenye migahawa tu, bali na wewe mwenye kahawa, maharage, ndizi au asali. Siku hizi hakuna mtu wa Ngara wala wa Biharamulo auzaye kitu peke yake. Kila ulicho nacho, jirani yako anacho, na aliye ng'ambo ya mpaka anacho vile vile. Basi mnunuzi akuchague wewe kwa nini?

UPEPO WA BENACO

Kwanza tukumbuke jambo moja, maana limewapotosha wengi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Walikaa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Waitaliano iliyojenga barabara. Kwa muda mfupi pori likawa kama mji mkubwa. Ndizi na maziwa vikapanda bei, na mahindi ya msaada yakaingia katika masoko yetu. Watu wa Ngara, na wengine waliotoka mbali, wakafungua maduka, vilabu, vinyozi na migahawa. Kila aliyekuwa na kitu cha kuuza alikiuza. Hata mwenye mkungu mbovu alipata mnunuzi, maana wenye njaa walikuwa wengi kuliko chakula. (Sisemi hayo kana kwamba msiba wa jirani ulikuwa bahati yetu. Watu wale walikuwa na majonzi makubwa, na sisi wenyewe tulipoteza misitu na visima vyetu viliharibika.)

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao. Barabara ya Rusumo ilijaa watu siku chache tu, kisha kambi zikawa tupu. Hapo ndipo ilipojulikana nani alikuwa mfanyabiashara na nani alikuwa amesukumwa na upepo. Aliyekuwa na wateja wake wa zamani, ambao hakuwadharau wakati wa neema, aliendelea nao. Aliyewaambia wenyeji, "Kama hutaki bei hii, wapo wengine," aliwatafuta wenyeji hao asiwaone.

Upepo wa namna hiyo huvuma tena na tena kwetu. Ulivuma kidogo wakati wa kujenga mtambo wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinashirikiana. Na nikeli ya Kabanga imo midomoni mwa watu kila siku. Upepo ukivuma, uza, hakuna ubaya. Ila usiseme kwamba umejua biashara.

VIPIMO VIWILI

Kila sokoni utaona debe lililopondwa kitako, na mizani ambayo mwenye duka huigusa kwa kidole kidogo. Utaona gunia la lumbesa, lenye kilemba juu, ambalo mnunuzi humlazimisha mkulima kulijaza kwa bei ya gunia moja. Mkulima naye, akiona kwamba anaibiwa, hujibu kwa wizi wake: anatia mawe katika kahawa, ananyunyizia maji ili iwe nzito, anachanganya maharage ya mwaka jana na ya mwaka huu, au anaongeza sukari katika asali. Kila mmoja husema, "Mwenzangu ndiye aliyeanza."

Sisi Wakristo twajua kwamba Torati yenyewe yakataza kuwa na vipimo viwili mfukoni, kimoja cha kununulia na kingine cha kuuzia. Tena twajua kwamba mali ya wizi haitoshi kuungamwa tu, hurudishwa. Zakayo alirudisha mara nne. Lakini hebu niambie, mtu aliyetia mawe katika kahawa, ikapelekwa ghalani na kuchanganywa na magunia mia ya wenzake, atamrudishia nani? Mnunuzi wa mbali hakumjua yeye. Alijua kijiji tu. Mwaka unaofuata atashusha bei ya kijiji kizima, kwa sababu ameweka akiba ya hasara ya mawe. Hivyo mjane aliyeanika kahawa yake vizuri analipa faini ya mawe asiyoyatia. Kwangu mimi huo ni wizi mbaya kuliko kuiba kuku, maana mwenye kuku humjua mwizi wake au humtafuta.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuipiga chapa. Mwulize mnunuzi akuonyeshe chapa hiyo. Kuuliza si utovu wa adabu. Lakini chapa ya serikali haiwezi kusimama kila kijiji kila siku, na mama yule wa Nyakanazi hakupata wateja wake kwa sababu ya chapa. Mtu anapokwisha kupima mzigo wako mara tano na kukuta ni sawa mara zote tano, mara ya sita hapimi. Siku hiyo umepata kitu ambacho jirani yako hawezi kukinunua kwa fedha. Mnunuzi asiyehitaji kupima huokoa muda wake na hofu yake, na kwa sababu hiyo hukuanza wewe kabla ya wengine, hata soko likiwa limejaa.

Upande wa asali nitasema kifupi, ingawa Biharamulo ina misitu na warina asali hodari. Asali yenye maji kupita sehemu 20 katika 100 yaweza kuchacha chomboni. Nyuki wenyewe hufunika masega kwa nta asali inapokuwa tayari. Ukirina masega yasiyofunikwa, au ukitumia moshi mwingi mpaka asali inanuka moshi, utauza mara moja tu. Ndoo yako itakuwa imejaa mapema kuliko ya mwenzako, na hiyo ndiyo faida yote utakayopata.

KAHAWA YA TANZANIA NI CHACHE

Sasa tuje kwenye kahawa, ambayo ndiyo shule ya nyumba nyingi za kwetu, na bati lake, na dawa yake.

Jua kwanza kwamba kahawa yote ya Tanzania, ya Kagera, ya Kilimanjaro, ya Mbeya, ya Mbinga na kwingineko, haifiki hata sehemu moja katika mia ya kahawa ya dunia. Brazili peke yake hutoa kama theluthi moja. Robusta, ambayo ndiyo kahawa nyingi ya mkoa wetu, hutoka kwa wingi zaidi Vietnam kuliko nchi nyingine yoyote. Basi hatuwezi kuwashinda kwa wingi. Mnunuzi wa Ulaya akikosa kahawa yetu yote, hatalala na njaa.

Jirani zetu wa Bukoba waliliona jambo hilo kwa uchungu. Chama chao kikuu cha ushirika kilianzishwa mwaka 1950, kikavunjwa na serikali pamoja na vyama vikuu vyote mwaka 1976, na baadaye kikafufuka. Kikajulikana kama KCU. Lakini Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, na bei ya dunia ikaanguka vibaya. Mkulima aliyekuwa ameahidi karo alibaki na gunia mkononi. Kule Uingereza, mwaka 1991, mashirika manne yakaunda kampuni ya Cafédirect ili kununua kahawa kwa vyama vya wakulima wenyewe. KCU ikawa mmoja wa waliowauzia, na imeuza kahawa yake katika biashara ya haki, Fairtrade, kwa miaka mingi.

Je, ilipata nafasi hiyo kwa huruma ya Wazungu? Huruma ilikuwamo, sikatai. Lakini huruma hununua gunia la kwanza tu. Katika mpango huo kuna bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kuivuka, na juu yake kuna fedha ya ziada ambayo wanachama huamua wenyewe matumizi yake. Nao wakulima wanatakiwa waweze kuonyesha kwa maandishi kahawa imetoka chama gani, imepimwa lini na imelipwa kiasi gani. Daftari safi ndilo lililowatofautisha. Na sehemu ya fedha ile ya ziada KCU ilinunulia hisa za TANICA, kiwanda cha Bukoba kinachotengeneza kahawa ya kukoroga, hivyo mkulima akawa na sehemu katika kiwanda pia. Mimi ni karani, na watu husema kwamba makarani hupenda karatasi kupita kiasi. Wacha waseme.

Kazi ya nyumbani yenyewe unaijua, lakini nitaitaja kwa sababu kuijua na kuifanya ni vitu viwili. Chuma tunda jekundu tu, uyaache mabichi mpaka zamu nyingine, ingawa maana yake ni kuurudia mti ule ule mara tatu au nne. Usianike juu ya udongo. Kahawa hunywa harufu kama vile sifongo inywavyo maji, na mwonjaji wa Moshi au Hamburg ataijua harufu ya uwanja wako bila kupata kuuona. Anika juu ya kichanja au mkeka, kwa tabaka jembamba, uigeuze mara nyingi kutwa, uifunike usiku na mvua inapokuja. Majuma matatu si mengi. Ukichukua tunda kavu ukalitikisa sikioni, buni hulia ndani kama njuga. Ikiwa halilii, usipeleke chamani hata kama jirani amekwisha peleka.

BUTURA

Hapa ndipo neno langu lilipo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema huiva polepole, na mwenye dhiki hana nafasi ya kungoja.

Kahawa yetu huanza kuchumwa kama mwezi wa Mei. Shule hufunguliwa Januari. Ada ya shule za serikali imeondolewa, ya sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari, viatu na chakula havikuondolewa. Januari hiyo hiyo mtoto anaugua, au bati linavuja, au kuna posa. Baba anatazama shamba, anaona kahawa bado ni ya kijani. Hapo anakuja mtu mwenye fedha, mpole kabisa, anasema, "Usihangaike, mimi nitakusaidia. Niuzie ikiwa mtini." Hiyo ndiyo butura. Serikali imeikataza mara nyingi, nayo hufanyika usiku.

Tufanye hesabu ya mfano. Baba ana haja ya shilingi 100,000. Mwenye fedha anamhesabia kila kilo shilingi 1,000, basi anamwandikia deni la kilo 100. Julai chama kinanunua kilo kwa shilingi 2,500. Kilo zile 100 zina thamani ya shilingi 250,000. Kwa hiyo baba amekopa laki moja na kulipa laki mbili na nusu kwa muda wa miezi sita. Benki ikitoza riba namna hiyo, tungeandamana. Lakini kwa kuwa hatukuiita riba, tunashukuru. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Tena hasara haiishii katika fedha. Mwenye deni hachumi tunda jekundu. Mdai anataka kilo zake mapema kabla bei haijabadilika, basi matunda hukwanyuliwa yote pamoja, mabichi na mabivu, na kuanikwa popote. Hivyo kahawa inayoharibu sifa ya kijiji mara nyingi haitoki kwa mvivu. Inatoka kwa mtu aliyeuza wakati wa maua. Unaweza kumfundisha kuanika mwaka mzima, semina juu ya semina, asibadilike, kwa sababu kahawa anayoanika si yake tena. Wataalamu wetu wa kilimo, ambao nawaheshimu, husahau jambo hili.

WAVUVI WA KANADA

Wapo watu wa mbali waliofungwa kamba ya namna hiyo hiyo. Huko Nova Scotia, Kanada, wavuvi walikuwa wakichukua nyavu, unga na nguo kwa mkopo katika duka la mfanyabiashara yule yule aliyewanunulia samaki. Yeye ndiye aliyepanga bei ya unga, na yeye ndiye aliyepanga bei ya samaki. Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri, katika mji wa Antigonish, kilianzisha idara ya kuwafundisha watu wazima, na mkuu wake akawa Padre Moses Coady. Hakuanza kwa kuwagawia fedha. Watu walikusanyika majumbani, kikundi kidogo kidogo, wakasoma hesabu za maisha yao wenyewe: tunapata kiasi gani, tunalipa kiasi gani, tofauti huenda wapi. Kisha wakaweka akiba pamoja, senti kwa senti, wakakopeshana wenyewe. Walipokwisha kujitoa katika deni la duka, wakaweza kuuza samaki wao kwa pamoja katika masoko ya mbali, na kuchagua mnunuzi.

Zingatia mpangilio huo: deni lilianza kuondoka, ndipo soko zuri likaja. Sisi hupenda kuanza na soko.

Mafundisho ya namna hiyo yalifika karibu nasi. Mwaka 1960 Mapadre Weupe walianzisha chuo Nyegezi, Mwanza, kilichofundisha uongozi wa jamii na hesabu. Chuo hicho ndicho kilichokua hata mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Leo vyama vya akiba na mikopo vipo, na vikundi vya VICOBA vipo hata katika jumuiya ndogo ndogo, na kwa kawaida akina mama ndio wanaoviendesha vizuri. Akina baba huja wakati wa kukopa.

MEZA YA NYUMBANI

Hilo lanileta kwenye jambo la mwisho, nalo litawaudhi baadhi ya wanaume wenzangu. Katika nyumba nyingi za kwetu kahawa ni ya baba, maharage ni ya mama. Lakini ni nani aliyeichuma kahawa hiyo? Ni nani aliyekimbia uwanjani wingu lilipotanda, mtoto mgongoni, akaifunika? Mara nyingi mama hajui hata kwamba kahawa anayoigeuza jua likimwunguza iliuzwa tangu Januari. Anaijua siku mdai anapokuja na magunia yake. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kuwa na sifa sokoni, maana ndani yake kuna mtu anayefanya kazi bila kujua hesabu.

Basi, Bwana na Bibi, fanyeni hivi msimu huu. Fedha ya kahawa ipokewapo, kaeni wawili kabla ya mtu yeyote kwenda popote. Andikeni katika daftari moja, hata la mtoto wa darasa la tatu, vitu vya Januari kwa majina yake: sare mbili, madaftari, jozi ya viatu, mahindi ya miezi ya njaa. Jumlisheni. Fedha hiyo itolewe siku ile ile, ipelekwe katika chama cha akiba kwa majina yenu wawili, kabla ya bati, kabla ya pikipiki, kabla ya mchango wa harusi ya binamu. Ikiwa haitoshi yote, wekeni nusu. Nusu ya akiba hupunguza nusu ya butura.

Na kama deni la butura limekwisha ingia nyumbani mwaka huu, mwambie mkeo leo ni kilo ngapi na ni za nani. Msiuze tena mti mwingine ili kulipa mti wa kwanza. Nendeni kwa mwenyekiti wa chama chenu cha msingi au kwa kiongozi wa kikundi chenu cha akiba kabla kahawa haijawa nyekundu, mwombe mkopo wa kulipia deni lile kwa fedha badala ya kahawa. Wengine watakubali, wengine watakataa. Stakabadhi ya kila kilo mnayopeleka ghalani akae nayo mama, ndani ya kile kisanduku anachowekea kadi za kliniki za watoto.